Turubai Nililolikata Jumapili

Anyango, mama yangu,

Umeenda soko la Kibuye na mama yako kununua viatu vya mpira, na nyumba imebaki tupu. Natumia nafasi hii kukuandikia yale ambayo tangu Jumapili nimeshindwa kukuambia ana kwa ana. Kila nikifungua mdomo unaniangalia kwa heshima, nami naishia kuuliza kama kuna sukari.

Kesho unaondoka. Habari za neti, dawa, maji ya kuchemsha na simu isiishe chaji, hizo mama yako atakuambia mpaka uchoke, na kila atakalosema ni kweli. Mimi nataka kusema juu ya kile kisu.

Ulikuwa umetandaza turubai lako uani ili unionyeshe jinsi mtakavyolala huko ufukweni, wewe na wenzako wa kupima ukingo wa ziwa. Ulifunga kamba moja kwenye nguzo ya kuanikia nguo na nyingine kwenye dirisha la jikoni. Ulikuwa unacheka. Ukasema, "Baba, hema ni mfuko. Ukiwa ndani huoni ziwa, huoni mtu, huoni hata mbuzi. Hii ni paa tu. Paa na upepo." Nikakukumbusha kwamba nimekununulia hema, lipo chumbani, halijafunguliwa, lina zipu mbili. Ukasema hutalibeba. Nikasema utalibeba. Ukajibu, tena kwa upole, "Baba, si wewe utalala huko."

Nikaingia jikoni nikatoka na kisu cha samaki. Turubai halikupasuka mara ya kwanza, kwa hiyo nililikanyaga, nikalivuta kwa mkono mmoja na kulichana kutoka pembe hadi pembe. Kisha nikazikata kamba, moja baada ya nyingine, ingawa kamba hazikuwa na kosa lolote. Jirani yetu alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta. Akaita, "Baba Anyango, kuna nyoka huko?"

Hukulia. Ulikunja vile vipande vizuri kama shuka. Tangu hapo unanisalimia kama mtu anavyomsalimia mgeni wa kanisa.

Mama, mimi ni mtu mwoga. Unajua hivyo. Mimi ndiye baba anayerudi mara mbili kuangalia kama mlango umefungwa, anayepiga simu kuuliza kama umefika ilhali bado unamwona dirishani. Lakini Jumapili nilishika kisu mbele ya mtoto ninayemwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu, na siwezi kukuacha uende ukidhani nililifanya hilo kwa sababu ya zipu.

Kisa changu cha turubai unakijua, au unajua kile cha Obuya. Tulifanya kazi pamoja katika ofisi ya wapima ardhi, mimi nikiwa karani na yeye akivuta mnyororo wa kupimia. Kila akija hapa nyumbani hukisimulia. "Baba yako alitoka pale turubai likiwa shingoni kama askofu siku ya Pasaka! Mimi namwita, Karani, vua kanzu! Yeye mbio! Ng'ombe zikampisha!" Ulikuwa ukicheka mpaka unashika tumbo. Nami nilicheka, maana ni kweli, nilikimbia hivyo. Lakini Obuya huanzia katikati na kumaliza mapema. Nimemwacha afanye hivyo miaka yote, kwa kuwa kicheko chako kilikuwa kitamu kuliko ukweli.

Ulikuwa ndiyo kwanza umeng'oka meno ya mbele. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni, shati limepigwa pasi, na kazi yangu ilikuwa kuandika kila alichosoma mpimaji wetu, Bwana Ouma. Alikuwa mtu mnene, mwenye mvi, mcheshi, na kifua chake hakikuweza umande, kwa hiyo tukilala nje ya mji yeye alilala ndani ya hema la ofisi. Hema lilikuwa la mtu mmoja na nusu. Mimi na Obuya tulipewa turubai.

Mwanzoni nililichukia. Mara ya kwanza nilifunga paa likiwa bapa kama meza, likajaa maji, likatumwagikia sote. Baadaye nilijifunza. Upande unakotoka upepo unaushusha mpaka chini, ule mwingine unauinua ili moshi upite. Pembe isiyo na tundu unaifungia kokoto ndani ya kitambaa, kamba inashika hapo na haitelezi. Nikafika mahali pa kulipenda. Kulala chini ya paa na kuona uwanja wote mbele yako, majani yakitikisika, ndege wa ziwani wakishuka, ng'ombe wa mtu akikupumulia, ni furaha ambayo sijaipata tena ndani ya kuta. Nakuambia hili ili ujue kwamba uliposema paa na upepo, nilikuelewa kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

Tulipelekwa kupima shamba moja chini ya Kisian, kati ya barabara na ziwa. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, Mzee Ogola na mdogo wake Mzee Ondiek, walikuwa wanagombania uwanja ambao marehemu baba yao aliuacha bila kusema ni wa nani. Hakuna aliyeulima. Chifu alituandikia barua ya kutupa ruhusa ya kupima, nami niliitunza ndani ya bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa.

Mzee Ogola alitupokea vizuri mno. Alituchagulia mwenyewe pa kulala, katikati kabisa ya ule uwanja, penye miti miwili ya miiba. "Hapa upepo ni safi," akasema. Mwanawe wa kwanza akaja na shoka kutuchongea vigingi, na alipomaliza akaliacha shoka pale, limeegemea mti. Mkewe akaleta makaa ya moto kutoka jikoni kwake, kwenye kipande cha chungu. Mzee mwenyewe akaja na jogoo mkubwa mwekundu, akamfunga mguu kwenye kigingi chetu.

"Hii ni chakula yenu," akasema. "Lakini msichinje leo. Mchinje kesho."

Tulimshukuru. Bwana Ouma alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona ukarimu kama huo.

Wewe umesoma, na nyanya yako alikufundisha mambo ya kwetu kabla hajafa, kwa hiyo labda umeshaona tatizo. Mwanamume wa Kijaluo akienda kuanzisha boma jipya, huenda na mwanawe wa kwanza. Wanabeba shoka, jogoo na moto. Wanasimamisha kibanda, hata kama ni kidogo namna gani, wanalala humo. Kukipambazuka jogoo akiwa hai na moto bado unawaka, hapo pameshakuwa nyumbani kwa mtu, na kumwondoa ni kuanzisha vita. Mimi nililijua hilo. Niliwahi kuliandikia insha sekondari na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lakini kichwani mwangu lilikuwa jambo la nyasi na udongo na wazee waliovaa ngozi. Haikunijia kwamba kibanda kinaweza kuwa turubai la buluu lenye jina la ofisi.

Jioni alipita mwanamke akitoka ziwani na ndoo kichwani. Tulikuja kujua baadaye kwamba ni mke wa Mzee Ondiek. Alisimama.

"Hii jogoo ni ya nani?"

"Ni yetu, mama," nikajibu.

"Na shoka?"

"Pia ni yetu."

"Mnalala hapa?"

Nilitaka kumchekesha. Nilikuwa na furaha, paa langu lilikuwa limekaa sawa. Nikasema, "Tumehamia, mama! Kesho naleta bibi na watoto!"

"Mimi naleta wawili!" Obuya akadakia.

Hakucheka. Alishusha ndoo, akaangalia moto, akaangalia jogoo, akamwangalia Bwana Ouma, ambaye alikuwa ameinama akiingia hemani hata asionekane isipokuwa mgongo. "Yawa," akasema, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Kisha akaondoka akaiacha ndoo. Obuya alisema amesahau. Tukapikia ugali maji yake.

Usiku kulinyesha, mvua ile ya ziwa inayokuja kama lori la kokoto. Turubai lilishika. Nililala nikijisifu.

Alfajiri niliona miguu. Upande wangu wa turubai ulikuwa ule ulioinuliwa, kwa hiyo kabla ya uso wowote niliona miguu, mingi, imelowa matope mpaka magotini, inakuja bila kukimbia wala kusema. Kilichofuata kilikuwa panga kumkata jogoo pamoja na kigingi alichofungwa. Halikuwa pigo la kuchinja. Mapanga mawili yalimshukia hata akawa manyoya tu. Moto ukapigwa teke, kaa moja likaniangukia mkononi. Wengine walikuwa wamefika kwenye hema. Wakakata kamba zote.

Hema lililolowa likianguka juu ya mtu humshika kama ngozi. Bwana Ouma alijaribu kusimama ndani yake. Niliona kichwa chake kikiinua kitambaa, nikaona kiwiko, nikaona kitu kama goti. Wakaanza kupiga. Walipiga kwa rungu pale palipotikisika. Alipiga kelele, lakini kitambaa chenye maji kikimziba mtu mdomo, sauti yake haina tena jina. Inakuwa sauti ya mnyama yeyote. Wao walijua ni nani aliye ndani: mtoto wa kwanza wa Ogola, amelala hapo kuwaibia ardhi kwa moto na jogoo. Kila rungu lililoshuka lilikuwa la huyo. "Hama sasa!" mmoja alikuwa akisema. "Hama! Hama sasa!"

Kijana mmoja mwenye panga aliinama chini ya turubai akatuangalia. Nasema alituangalia, Anyango. Aliniangalia usoni, kisha akamwangalia Obuya.

"Wewe nani?"

"Karani."

"Wa wapi?"

"Wa ofisi. Kisumu."

Akageuka. "Hawa si wa Ogola!" akawaambia wenzake, akateremsha panga lake. Mimi niko hai kwa sababu hiyo tu. Kijana aliweza kuona uso wangu.

Sasa sikiliza kosa langu, lile ambalo Obuya hajui kwa sababu alikuwa ameshapita chini ya kamba na kukimbia. Nilisimama. Ndiyo, mwoga mimi nilisimama. Nikatoa bahasha ya plastiki, nikainyanyua juu, nikapaza sauti, "Tuna barua ya chifu! Tuna barua ya chifu!" Niliisema tena na tena. Nilitumia pumzi yote niliyokuwa nayo kutangaza barua, na marungu yakaendelea. Ningesema "Huyo ni Ouma," neno moja tu, jina la mtu, pengine mkono mmoja ungesita, na wa pili pia. Halikunijia. Nilifundishwa kwamba karatasi ndiyo inayomlinda mtu, na kwa hofu nilirudi kwenye kile nilichofundishwa.

Walipochoka mmoja alilichana hema kwa panga ili wamtoe. Wakaona mvi.

"Huyu ni nani?" akauliza mtoto wa Mzee Ondiek. Alikuwa kijana wa umri wako wa sasa.

"Ni Bwana Ouma," nikasema. "Mpimaji."

"Mbona hamkusema?"

Aliuliza kama anayetaka kweli kujibiwa. Kisha akaketi kwenye matope, rungu kati ya magoti, akaanza kumwambia Bwana Ouma aamke. "Mzee, amka. Mzee, tumekosea, amka." Alimvuta mkono na ule mkono ukapinda mahali ambapo mkono haupindi.

Wengine ndipo waliponikumbuka. Niliiona sura ya mmoja ikibadilika, nikaelewa kwamba muda mfupi uliopita nilikuwa mgeni asiyehusika, na sasa nilikuwa shahidi. Jiwe la kwanza lilinipata sikio la kushoto, hili ambalo mnadhani nalitumia kujifanya sisikii mnaponiita. La pili lilikata kamba, turubai likaniangukia. Nilikimbia nalo shingoni, sikujua ninalo. Hapo ndipo Obuya anapoanzia hadithi yake.

Watu wa Ogola walisikia kelele wakaja na mapanga yao, wawili wao wakambeba Bwana Ouma wakitufuata. Tulipofika barabarani Kisian moshi ulikuwa umeshapanda nyuma yetu. Waliteketeza nyumba ya Mzee Ondiek, ghala na zizi, ng'ombe mmoja akiwa ndani. Yule mwanamke wa ndoo alitolewa akiwa amekatwa begani. Bwana Ouma alikufa nyuma ya pikapu kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu. Mama yako alilichoma moto shati lile.

Baadaye nilikutana na Mzee Ogola. Nilimuuliza, "Mzee, yule jogoo alikuwa wa nini?"

Alinitazama sawasawa. "Alikuwa wa kula, mwanangu."

Mpaka leo sijui kama alitutumia au alikuwa mzee mkarimu tu mwenye bahati mbaya. Nimeacha kujiuliza. Lile shamba lenyewe halipo. Ziwa lilipopanda lililimeza, ile miti miwili ikakauka ikiwa imesimama majini, na leo magugu-maji yanaelea juu ya mahali tulipolala.

Na sasa wewe unaenda kupima maji yalipofika, kule mto Sondu unakoingia ziwani, kwa watu ambao mipaka yao imezama, kila mmoja akiamini jirani yake atasogeza wake maji yakirudi. Mtafika na kamba. Mtapiga vigingi. Uliponieleza hayo ulikuwa umechangamka, na mimi nilikuwa nasikia rungu kwenye kitambaa kilicholowa.

Utaniuliza, kama ni hema lililomuua Bwana Ouma, mbona nilitaka ulale ndani ya hema? Nimejiuliza hivyo hivyo tangu Jumapili. Nadhani mtu mwoga hununua kile anachokiona dukani kinafungwa. Nilitaka kitu cha kuweka kati yako na wale watu, hata kama nilishakiona hakizuii chochote. Na chini ya turubai ndipo nilipoona yote. Nilitaka wewe usione. Nikachukua kisu nikakata kamba, na nilipofika kamba ya mwisho nikajiona, mama, nikaona miguu yangu mwenyewe kwenye uwanja wa mtu, nakata kamba za mtu niliyejiaminisha kwamba najua anafanya nini. Kwa hilo nakuomba radhi, bila kujitetea zaidi ya hapa.

Hema nimelirudisha dukani. Turubai lingine liko mlangoni, kubwa kidogo kuliko lako. Ukipendelea kujinunulia jingine njiani, pia sawa.

Sitakuambia usiogope, mimi siyo mtu wa kusema hivyo. Ila kabla hujafunga kamba ya kwanza, uliza pale ni kwa nani, na usimuulize mtu mmoja. Uliza na yule anayepita na ndoo. Ukipewa mahali pazuri kupita kiasi, jiulize kwa nini panahitaji mtu wa kulala. Usifanye mzaha na watu ambao hujui wamepoteza nini. Wakikuambia ng'oa, ng'oa, hata kama wamekosea, hata kama mvua inanyesha na una ruhusa ya serikali nzima mfukoni. Mtu akiinama chini ya paa lako na kukuuliza wewe ni nani, usimtajie ofisi. Mwambie wewe ni Anyango, binti ya Odhiambo wa Migosi, na uinue uso akuone. Na mwenzako akiwa ndani ya kitu ambamo hawamwoni, piga kelele jina lake. Jina lake, kabla ya neno lingine lolote, mpaka sauti ikatike, na kama hawaachi, kimbia ukiendelea kulitaja.

Nasikia lango. Mama yako anakugombeza kwa sababu ya viatu, nawe unambishia kwa ile sauti yako kubwa. Kesho stendi nisemeshe kwa sauti hiyo. Nigombeze mbele za watu nikistahili, nitavumilia. Lakini usiniage kwa adabu.

Baba yako,
Odhiambo